Kitanda Alicholalia Nahodha Mchina

Jumatatu, 8 Januari

Daktari amesema moyo wangu umechoka, niepuke ngazi. Chumba changu kiko juu ya ngazi. Nimemshukuru, nikapanda.

Mtu anayekaribia kufa huungama. Mimi nimeamua kuungama mapema, kabla ya kutenda, nisije nikaishiwa na pumzi.

Mjukuu wetu Nashwa anaolewa mwezi huu. Hapa Kuttichira, kama kwa wenzetu wengi wa mji huu wa Kozhikode, pwani ya India, mume ndiye anayehamia kwao mke, na chumba bora hupewa bwana harusi mpya. Mimi ni bwana harusi wa zamani. Niliingia chumba hiki nikiwa na ndevu nyeusi. Dirisha lake linatazama bwawa la msikiti. Nataka kufia humu. Sitaki kufia ghala la pilipili manga kando ya jiko, alikomalizikia mume wa shemeji yangu, akipiga chafya.

Mke wangu, Imbichibi, ameniuliza nani kaniambia nahamishwa. Nimemjibu kwamba nilifundisha historia maisha yangu yote, najua wafalme huondolewaje.

Jumatano, 10 Januari

Mpango umeiva. Biju, mtembeza wageni, hupita hapa kila asubuhi na watu wake, wakitoka msikiti wa mbao kwenda soko la halua. Nimemwita barazani. Nikamnong'oneza kwamba zama za biashara ya pilipili, nahodha mmoja Mchina alilala kwenye kitanda changu. Chumba cha historia hakiwezi kupewa bwana harusi wa Nashwa, mhasibu wa Dubai.

Biju akataka ushahidi. Nikamwambia ushahidi ni mimi, nilimfundisha baba yake. Akasema baba yake alifeli. Nikasema ndiyo maana hakuwahi kumsikia nahodha huyo.

Kitanda kilichongwa na fundi wa Beypore, mji wa jirani, mwaka wa harusi yangu. Hayo ndiyo maungamo.

Ijumaa, 12 Januari

Wageni wamekuja baada ya swala. Mama mmoja wa Kiholanzi ameshika mguu wa kitanda akatokwa na machozi. Imbichibi aliwaandalia chai ya rangi yenye limau na ndizi zilizojazwa nazi. Walipoondoka akaniuliza, "Na huyo Mchina alipoamka, wewe ulikuwa umelala upande gani?"

Dada yake, Bichathu, ndiye mkuu wa nyumba hii. Neno lake ni msumari. Alisimama mlangoni akakitazama kitanda kama mtu aliyegundua ng'ombe wake anatoa maziwa. Nimeona dalili njema.

Jumapili, 14 Januari

Silali tena mchana. Mzee mmoja kutoka Pune alivua viatu, akajinyoosha kitandani ili apime kimo cha Wachina wa kale. Akapitiwa na usingizi. Nikakaa kwenye ngazi, mkono kifuani, nikimsikiliza akikoroma kwenye mto wangu.

Biju sasa anaongeza kwamba nahodha aliacha mchumba hapa. Nimemkaripia. Historia si mahali pa kubuni.

Jumanne, 16 Januari

Bwana harusi mtarajiwa amekuja kula. Anaitwa Shahal, mrefu kama mnazi. Alipewa mkate wa mchele, nyama, na tambi tamu za kiini cha yai. Baadaye nikampandisha juu, nikamweleza kwa huruma kwamba kitanda hiki hakitamtosha.

"Babu, hata ungenibembeleza nisingekubali," akasema. "Nikilala hapa, miguu itaoga bwawani."

Kumbe tangu posa alishaomba chumba cha nyuma, chenye kiyoyozi. Nyumba nzima ilijua. Imbichibi akanikumbusha kwamba aliniuliza nani kaniambia nahamishwa.

Nilikuwa na furaha kwa muda wa kushuka ngazi. Chini nilimkuta Bichathu na Biju. Bichathu akasema mahali penye heshima kama pale si pa mtu kukoromea. Kamba nyekundu imeshafungwa kuzunguka kitanda. Godoro langu liko kwenye ghala la pilipili. Akaongeza kwamba hata daktari atafurahi, huku hakuna ngazi.

Ningeweza kusema kweli. Fundi wa Beypore, basi. Lakini Biju alikuwa amesimama pale, na baba yake alifeli mtihani wangu.

Alhamisi, 18 Januari

Ghalani. Chafya tangu alfajiri, na kila moja moyo unaruka kama chura.

Imbichibi ameleta mto wake akaulaza kando ya wangu. Amesema bwana harusi wake hawezi kufa peke yake kati ya magunia. Kisha akanishika mkono. "Mzee, mwambie dada ukweli. Maneno mawili tu, na leo unalala dirishani kwako."

Nilikaribia. Kweli nilikaribia. Ndipo njia bora ikanijia.

Kesho nitamwita Biju. Nitamwambia utafiti wangu mpya umeonyesha kwamba nahodha hakulala juu. Aliugua, akashushwa, akafia hapa hapa, juu ya pilipili yake. Kamba itahamia ghalani, wageni wataifuata, na chumba cha juu kitabaki kitupu kikinisubiri. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Imbichibi aliukung'uta mto wake. Kisha akasema mjukuu wa Bichathu naye amechumbiwa, na mchumba wake ni kijana mfupi, anapenda sana kutazama bwawa.

Sikuona hilo linahusiana na nini. Nimemwomba anipe kalamu.