Nungunungu Aliyezikwa Kabla ya Kuoa

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi kabandika tangazo mlangoni. Jumamosi wazee tuje tuwapendekezee watoto kitabu, kisha kila mtoto amchague mzee wa kusoma naye kila wiki, mwaka mzima. Mjukuu wangu atakuwepo. Na babu yake mzaa mama pia, Mwalimu mstaafu, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutudharau. Mimi niliishia darasa la nne, nikashona viatu miaka arobaini. Mjukuu mmoja, mababu wawili. Lazima nimpiku Mwalimu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kitabu kilichotafsiriwa kutoka lugha ya mbali huko. Nungunungu anawashonea wanyama makoti kwa miiba yake kabla theluji haijaanguka. Fundi mwenzangu kabisa! Ila kilikuwa kimechakaa. Nilipokifungua tu, karatasi zote zikamwagika sakafuni. Nikazizoa, nikazitoboa kwa msumari, nikazishona kwa uzi wa soli. Sasa hata dubu akivuta haing'oki hata moja. Mke wangu kaniuliza kama nimezipanga kwanza. Nikamwambia mimi fundi, asinifundishe kazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma. Sielewi. Karatasi ya tatu nungunungu anazikwa, wanyama wote wanalia. Nami nikalia kidogo. Nikafunua, anaoa. Dubu anashukuru kwa koti zuri, halafu ndiyo anakuja kupimwa tumbo. Mbweha anaomba msamaha, anasamehewa, kisha anakwenda kuiba uzi. Mke wangu anasema labda mfasiri alikuwa amechoka. Mimi nimewaza hadi chai ikapoa. Jibu nimelipata: nungunungu ni mzimu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kumpeleleza Mwalimu, kwa kisingizio cha kumjulia hali. Mezani kwake kuna kitabu kile kile, nakala nyingine! Nikamdokeza habari za mzimu. Akavua miwani, akavaa ile ya pili, akaniuliza mzimu gani, mzee mwenzangu, nungunungu hafi mpaka mwisho kabisa. Nikamwambia basi ameruka kurasa. Akasema yeye hajaruka ukurasa tangu azaliwe. Mkewe akaja na chai kutuamua. Nimerudi nimefurahi. Msomi mzima, kitabu cha watoto hajakielewa.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu kaanza. Kaeleza maadili, msamiati na faida ya bidii. Watoto wawili walisinzia.

Zamu yangu nikawaambia someni hiki, huyu fundi alizikwa kwanza, akaoa baadaye, na mwizi wake alisamehewa kabla ya kuiba. Wote wakasogea mbele. Mwalimu akadakia kwamba nawadanganya watoto wa watu. Nikainua kitabu: njooni mjionee.

Mjukuu wangu ndiye aliyekishika. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Kisha akaninong'oneza: Babu, baada ya ukurasa wa 140 umeshona wa 11.

Kumbe zina namba. Ziko chini pale, ndogondogo. Nikangoja anitaje mbele ya Mwalimu.

Akafunga kitabu. Akasema kwa sauti kwamba atasoma na Babu fundi, maana kwenye kitabu cha Babu Mwalimu kila kitu kiko mahali pake, na kwenye hiki inabidi mtu akitafute. Mwalimu akavua miwani, akavaa ile ya pili, akaivua nayo. Tulipotoka, mjukuu akaniambia nisishone tena kitabu cha maktaba. Nikamwahidi, kwa mkono kifuani.

Jumapili, 9 Machi
Usingizi mtamu. Nimekaa nawaza. Kumbe watoto wa siku hizi wanapenda vitabu vya namna hiyo, na mafundi wa namna hiyo tumebaki wachache. Jana, kabla maktaba haijafungwa, niliazima ile nakala aliyorudisha Mwalimu. Safi kabisa, haijalegea hata karatasi moja.

Kisu nimeshanoa, uzi wa soli uko tayari. Mke wangu anauliza ninakata nini. Nimemwambia asinifundishe kazi.