Na Mimi Nafanyia Kazi Popote

Kwa Mjomba Bakary,
Msemaji wa ukoo wa marehemu,
Mkotokuyana.

YAH: OMBI LA KUHESABIWA MTU WA KISASA NA KUACHIWA MWANANGU TUNU

Mjomba,

Mke wangu Mwantumu amekufa. Alikufa kwenye bodaboda tukienda Nachingwea, mimi nimemshika kwa nyuma. Dereva alikuwa hajui. Nilimwambia ageuze tu.

Hayo unayajua. Nimeyaweka mwanzo ili barua hii isichanganywe na zile za kuomba mbegu.

Shikamoo.

Naandika kwa sababu mkwe hasemi kwenye kikao cha wakwe zake. Hiyo ni mila na nimeifuata. Nilikaa kwenye mkeka wa pembeni, nimeinama, na wa kunisemea alikuwa mshenga wangu, Mzee Sadiki. Mzee Sadiki alisinzia. Ulipouliza, "Upande wa mkwe mna neno?" alishtuka akasema, "Tumeshiba, tunashukuru." Mkachukua kwamba tumekubali.

Tulichokubali ni hiki: mwanangu Tunu, wa darasa la pili, arobaini ya mama yake ikiisha aondoke na mjomba wake Mudrik. Mila inasema mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Mila sibishani nayo. Ndiyo iliyonitoa kwetu Nambilanje nikaja kuoa na kujenga kwenu. Nabishana na sababu mlizotoa. Mlisema simfai mtoto kwa kuwa natangatanga, halafu mkampa mtu anayetangatanga kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hapo hata mtoto wa chekechea angenyoosha mkono.

Malalamiko yangu haya hapa. Nimeyapa namba kwa sababu Mtendaji anasema barua isiyo na namba huwa haimalizwi kusomwa.

1. Jina la kazi. Ulisema kwenye kikao, "Mikidadi hana kwao. Leo yuko hapa, kesho Nambilanje, keshokutwa utamkuta juu ya lori la magunia. Mtoto si kuku wa kubebwa kwenye tenga." Watu wakacheka. Uji haujapoa, ukasema juu ya Mudrik, "Huyu kijana dunia nzima ni ofisi yake. Mwezi uliopita Arusha, mwezi huu Zanzibar, akitaka anaamkia Mwanza. Hafungwi na mahali." Watu wale wale wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mjomba, hicho ni kitu kimoja. Nikihama mimi, sina kwetu. Akihama yeye, hafungwi na mahali. Naomba na mimi nisifungwe na mahali. Kuanzia leo, mtu akiuliza Mikidadi yuko wapi, asijibiwe, "Sijui, kaenda vibarua." Ajibiwe, "Anafanyia kazi popote." Na anayejibu asicheke.

2. Begi. Alipofika kwenye matanga, Mudrik alituambia kazi yake yote inaingia ndani ya begi. Akalifungua tuone. Kompyuta, waya, chaja, waya mwingine, hedifoni. Wazee mkalipokezana mmoja mmoja, mnalinyanyua kama mnapima mbuzi wa kununua. Mzee mmoja akasema, "Kumbe kazi yenyewe nyepesi hivi."

Kazi yangu inaingia kwenye mfuko mmoja wa salfa, ile dawa ya mikorosho. Panga, jembe lililochomolewa mpini, sufuria, kandambili za akiba. Miaka yote nimepita nao mbele yenu na hakuna aliyeomba aunyanyue. Tena wa kwangu hauhitaji umeme. Siku ile umeme ulipokatika, Mudrik alikaa barazani kama amefiwa upya. Mimi siku hiyo nilikata ufuta hadi nikawa sioni mkono wangu.

3. Bosi wa mbali. Mlishangaa kusikia bosi wa Mudrik yuko Ulaya na hawajawahi kukutana. Ukasema, "Tazameni uaminifu huo, Mzungu anampa kazi mtu ambaye hajawahi kumwona." Sawa. Mimi nalima shamba la Bwana Fidelis kule Nambilanje, la korosho na ufuta. Bwana Fidelis yuko Dar. Hajawahi kuniona. Napalilia, napulizia salfa, naokota, nakata, nampigia simu namwambia shamba limeendaje. Kama hiyo si kazi ya kwa mbali, basi nielezwe mbali ni wapi. Tofauti niliyoiona ni moja. Mzungu wa Mudrik humwita kwa jina na kumuuliza hali kwanza. Bwana Fidelis huniita "wewe wa shambani".

4. Makaburini. Hili ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitalisema polepole.

Ulisema mbele ya watu, "Mwangalieni Mudrik. Tangu amefika, kila jioni yuko makaburini na dada yake. Anakaa hadi magharibi. Anaongea naye, mikono inakwenda huku na huku. Lakini huyu mume, hitma imesomwa leo, kesho yuko kwenye ufuta wa watu." Akina mama wakaanza kulia. Na mimi nililia.

Mjomba, simu za kuongea hapa kijijini hazina shida. Ila intaneti inashika sehemu mbili tu, kwenye kichuguu cha uwanja wa mpira na makaburini. Kwenye kichuguu kuna siafu.

Mudrik alikuwa kazini.

Nilipita pale nikitoka kukata ufuta wa hapa kijijini, nataka kumwombea mke wangu dua. Nikamkuta shemeji amekaa miguu upande, kompyuta mapajani, anasema Kiingereza na kucheka. Aliponiona akaziba ile kompyuta kwa kiganja, akaniambia, "Shemeji, samahani, nipe dakika tano, niko kwenye mkutano." Nikamwambia hakuna shida. Nikaenda kusimama njiani na panga langu hadi mkutano ukaisha. Ulikuwa mrefu.

Simlaumu. Intaneti inashika inapotaka. Ila naomba kikao kiseme upya, na kiseme kwa sauti ile ile: Mudrik alikuwa kazini na Mikidadi alikuwa kazini. Kama kwenda kazini ni kukosa uchungu, tumekosa wote wawili. Kama mtu anaweza kuwa kazini na uchungu akawa nao, basi na mimi nilikuwa nao. Ufuta haungoji arobaini. Ukikauka unapasuka, unamwaga chini, na mwenye shamba hataki kusikia nani amekufa.

5. Malezi. Nilimfuata Mudrik nikamuuliza kwa adabu, mtoto atakaa wapi. Akasema, "Popote, shemeji." Nikamuuliza atalala wapi. Akasema, "Inategemea na mwezi." Atasoma wapi. Akasema siku hizi shule iko ndani ya kompyuta, mwalimu unamwona kwenye kioo. Nikauliza, mtoto akipata homa, huyo wa kwenye kioo atamshika paji la uso? Akasema daktari naye yumo humo humo. Nikauliza nani atampikia. Akasema mjini hakuna tabu, chakula unakiita kwa simu, bodaboda inakuletea mlangoni.

Mimi na bodaboda tuna mambo yetu.

Simsemi kwa ubaya. Ni kijana mpole, anampenda mtoto, alimletea viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Ila mtoto akilia usiku atamsikia baada ya kuvua hedifoni.

6. Mgawo mpya. Kwa kuwa ukoo umeamua kwamba asiyekaa mahali ndiye anayefaa kulea, naomba uamuzi huo ufuatwe hadi mwisho, usiishie kwangu. Dereva wa lori la korosho apewe yatima wote wa kata. Konda wa basi la Masasi apewe mapacha, maana ana mikono miwili. Wafugaji wanaopita na ng'ombe wakabidhiwe shule ya msingi nzima, walimu wapumzike.

Na wewe Mjomba, kwa heshima zote. Tangu nikufahamu, safari yako ni shambani, msikitini, na sokoni Nachingwea ukiumwa jino. Nyumba yako haijasogea. Choo chako kiko pale pale. Kitanda chako hakijawahi kuuona mkoa mwingine. Na humo ndani una wajukuu sita. Kwa sababu mlizotoa nyinyi wenyewe, hufai kulea hata mmoja. Naomba uwakabidhi kwangu Ijumaa baada ya swala. Nitawapitia na mfuko wa salfa. Wadogo watapanda juu ya magunia, wakubwa watatembea.

Ukiona ombi hili ni la kichaa, nitafurahi. Itabidi uniambie kwa nini ni kichaa kwangu na si kichaa kwa Mudrik.

7. Semina. Mudrik ameombwa azungumze na vijana pale shuleni juu ya kuishi popote na kupata riziki. Vijana wameshaanza kutembea na mabegi mgongoni, hayana kitu ndani. Naomba na mimi nipewe saa moja, baada yake au kabla, sichagui. Nitawafundisha namna ya kulala kwenye dungu la juu ya miti, la kulindia shamba na nguruwe, bila kuanguka. Namna ya kumjua mwenye shamba kwa kumwangalia mbwa wake: mbwa akiwa amekonda, geuza njia. Namna ya kupika ugali kwenye upepo. Na namna ya kuaga nyumbani. Usiage asubuhi, aga jioni, mtoto akiamka uwe umeshafika mbali. Ukiaga asubuhi wanashika suruali.

Mudrik hatawaambia hilo la mwisho. Yeye hana wa kumshika suruali.

Sasa ombi lenyewe. Naomba kikao kikae tena, Mzee Sadiki akae mahali penye jua, na Tunu aachwe na mimi, baba yake. Nitahama naye. Wakati wa palizi atasoma hapa, wakati wa korosho atasoma Nambilanje. Shule zipo huku na zipo kule, na mbao za kuandikia zina rangi moja. Atajifunza Kimwera cha pande zote mbili. Atajua kulala popote, kula popote, kunywa maji ya popote. Ndivyo dunia ilivyo sasa, nimeisikia kwa Mudrik mwenyewe, na nyinyi wazee mlimpigia makofi. Msinipigie makofi. Niachieni mtoto tu.

Wasalimie wote pale nyumbani, waliolima na wasiolima. Mama mkwe Hajira, ambaye kwa mila siwezi kumwangalia usoni, mwambie nimepita nikainama. Mudrik msalimie sana, umkute wapi sijui. Mzee Sadiki msalimie akiamka.

Ni mimi mkwe wako, nisiyefungwa na mahali,
Mikidadi

Nyongeza. Nilikuwa nakunja barua, Bwana Fidelis akapiga simu. Ufuta wa Nambilanje umeanza kupasuka, wewe wa shambani uko wapi.

Nikamwambia Tunu tunaondoka alfajiri. Alikuwa anapepeta mchele, ungo wa mama yake ni mkubwa kwake, anaupumzisha kwenye goti. Akaniuliza tutakaa wapi. Nikasema tutaona huko huko. Akaniuliza tutalala kwa nani. Nikasema inategemea. Akaniuliza kama kuna mtu wa kubaki naye nikiwa shambani. Nikafungua mdomo nimjibu, nikasikia sauti ya Mudrik ndani yake.

Akaendelea kupepeta. Hakulia. Angelia ningemchukua.

Mjomba, yote ya juu yafute, kasoro namba nne. Mimi sikuwa mtu wa popote. Nilikuwa nakwenda Nambilanje na kurudi kwa Mwantumu, basi. Yeye ndiye alikuwa anakaa, na mtoto alikuwa anakaa na yeye.

Tunu asiende na Mudrik, na asiende na mimi. Abaki kwa bibi yake Hajira. Kila akitoka shule amkute yupo. Hilo ndilo neno la upande wa mkwe, na ndilo lingesemwa kikaoni kama tungekuwa macho. Mudrik nimeshamwambia. Akasema afadhali, alikuwa hajui aanzie wapi.

Nguo zake nimezifunga. Nitamleta mwenyewe, nimwache mlangoni, nisiingie. Kesho narudi kazini.