Kanuni ya Vidole Vinne

Jumatatu, 1 Machi 1976

Siku kubwa! Directeur, mkuu wa ofisi yetu, ameniita, akafunga mlango, akasema matangazo ya ofisi yetu ni aibu ya taifa. Kazi yetu ni kuwatangazia watu wa Kalemie safari za treni na za boti, na kwa kweli ukuta wetu wa nje unatia huruma. Tangazo hili la kalamu ya buluu, lile la mkaa, lingine limebandikwa miguu juu. Mkaguzi kutoka Lubumbashi atafika wiki ijayo. Directeur anataka kanuni moja ya karatasi zote: sura moja, herufi moja, mpangilio mmoja. Atakayeiandika vizuri atapewa cheo kipya, Mkuu wa Machapisho.

Nikasema nipo tayari. Bahati mbaya, Kalenga naye ameitwa baada yangu. Kalenga ndiye mwenye dawati linalotazamana na langu, na miaka yote hii sijapata kuinua macho nisimwone. Alitoka kwa Directeur akitabasamu. Silipendi tabasamu hilo.

Jioni nimemweleza mke wangu, Thérèse. Alikuwa anapepeta ndagala zake za biashara, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoa mchanga. Akauliza cheo hicho kina faida gani. Nikamjibu: heshima. Akaendelea kupepeta. Ofisini mimi ni Citoyen Mwamba, majina ya ubatizo tuliyaacha mlangoni kama serikali ilivyotaka. Nyumbani bado ananiita Isidore. Leo aliliita jina hilo kama mtu anayefukuza mbuzi.

Jumanne, 2 Machi

Sikufanya kazi leo. Nilifikiri. Kitu gani kinamfanya mtu aitii karatasi?

Nikamkumbuka marehemu baba. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini karatasi ya serikali aliishika kwa mikono miwili, akaigeuzageuza taratibu, akairudisha ndani ya kitambaa. Maneno hayakumhusu. Aliheshimu ule weupe unaozunguka maneno. Mahali patupu ndipo panaposema: huyu aliyeandika ana karatasi ya kutosha, basi ana nguvu. Sijui kama nimewahi kuwaza jambo zito kuliko hili.

Basi kifungu cha kwanza: kila upande wa tangazo uachwe wazi kwa upana wa vidole vinne.

Kalenga, ambaye husoma karatasi za watu kichwa chini, akauliza vidole vya nani. Nikamwambia vyangu. Akasema vyake ni vinene na vimeitumikia serikali kwa muda mrefu zaidi. Yeye kanuni yake ina kifungu kimoja tu: kila kitu kiwe chekundu. Maskini.

Alhamisi, 4 Machi

Kanuni imekamilika! Juu kabisa kichwa cha chui, nembo ya taifa. Chini yake Jamhuri, halafu Chama, halafu wizara, mkoa wa Shaba, wilaya, ofisi, namba, tarehe, kuhusu nini. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Saa ya kuondoka ni mstari wa mwisho.

Mama Bibiane, daktilo wetu wa kupiga chapa, alichora chui kwenye stensili. Chui huyo amefanana na paka anayeumwa jino. Tukikosea stensili nyingine hatuna, kwa hiyo tumempitisha. Halafu Mama Bibiane akauliza kama saa haiwezi kupanda juu kidogo, maana watu wanaitafuta hiyo. Nilimfafanulia kwa upole kwamba saa ni jambo dogo, na jambo dogo haliwezi kutangulia mbele ya Jamhuri. Akasonya, akapiga chapa.

Kifungu cha saba nakipenda kuliko vyote: mtumishi asitoe kwa mdomo habari iliyokwisha kutangazwa kwa maandishi. Mdomo ndio unaoharibu nchi hii. Saa inatoka ofisini ikiwa moja, ikifika sokoni zimekuwa tatu.

Directeur amesaini. Kalenga amesema hongera. Sitalala vizuri kwa sababu ya ile hongera.

Ijumaa, 5 Machi

Valve imefika! Ndivyo tunavyoliita ofisini, sanduku la kioo la kuwekea matangazo. Fundi ameliwekea fremu ya mbao nene, iliyopakwa vanishi, na kufuli. Ufunguo ninao mimi. Kalenga aliomba wa pili. Nikamwonyesha kifungu cha tano: ufunguo ni mmoja.

Mchana nikaupaka ukuta chokaa. Kila mtu mjini anaujua ukuta ule. Tangu zamani yeyote wa ofisi aliyepata habari alitoka na mkaa, akaandika: treni, saa fulani. Mama wanaoteremka ziwani wanaisoma bila hata kusimama, beseni kichwani. Watatu walisimama leo. Mmoja akauliza, "Papa, sasa tutasomaka wapi?" Nikawaonyesha valve. Wakaitazama, wakatazamana, wakaenda zao. Mabadiliko yanahitaji muda.

Ukweli ni kwamba ukuta ulipokuwa mweupe wote nilisikia huzuni kidogo. Sijui kwa nini. Ilipita.

Jumamosi, 6 Machi

Asubuhi salongo, kazi ya umma ya lazima. Wote wanafyeka majani, mimi natundika tangazo la kwanza la kanuni. Limekuja wakati mzuri, maana treni ya mizigo ya Kabalo inayoondoka Jumanne alasiri imebadilishiwa saa. Sasa itaondoka alfajiri.

Jamani, lilivyopendeza! Karatasi imeingia ndani ya fremu kana kwamba walizaliwa pamoja. Directeur alisimama mbele yake, mikono nyuma. Hata Kalenga alitoka kulitazama. Nikakaa pembeni kuangalia watu wanavyoangalia. Walikuja wengi. Hakuna aliyesoma haraka haraka kama zamani. Walisimama, wakainamisha vichwa, wakainua, wakaondoka polepole. Hiyo ndiyo heshima ya baba.

Jumatatu, 8 Machi

Jaribu kubwa, nimelishinda.

Thérèse ana magunia yake ya kupeleka Kabalo kwa Mama Hortense, mnunuzi wake tangu miaka mingi. Mwezi uliopita magunia yalichelewa, na Mama Hortense akatuma neno kwa msafiri kwamba yakichelewa tena, ataanza kuchukua ndagala za mama wa Moba. Thérèse bila Mama Hortense hana biashara. Hilo analisema kila siku, nami nalisikia.

Leo wakati wa chakula akaniuliza kesho treni inaondoka saa ngapi.

Kifungu cha saba! Nilitoka jasho. Nikamwambia habari iko kwenye valve, aende akasome kama wananchi wote, maana nikianza kuvunja kanuni kwa ajili ya mke wangu, nitamzuiaje Kalenga? Akajifunga kitenge, akaenda. Aliporudi akasema amesoma yote, na ni tangazo refu. Nikalipokea kama sifa.

Jumanne, 9 Machi

Nilipoamka magunia yalikuwa bado mlangoni na Thérèse bado amelala. Nikashangaa. Nikafikiri labda ameahirisha. Sikumuuliza, kwa sababu kumuuliza ni kumkumbusha, na kumkumbusha ni kutangaza kwa mdomo. Nikaenda ofisini kufuta umande kwenye kioo.

Alasiri mvua ilinyesha kubwa. Jioni nimerudi, nimemkuta amekaa juu ya gunia katikati ya nyumba, nguo zinachuruzika. Alikuwa amefika stesheni kwa saa ile ile ya zamani. Alikuta reli tupu na mama wengine wengi kama yeye, na mvua ikawakuta wote pale. Nikamuuliza kama hakuliona tangazo. Akasema aliliona: Jamhuri aliiona, Chama alikiona, paka alimwona. Saa hakuiona.

Nikamwambia haiwezekani, ipo mstari wa mwisho. Akainuka, akaanza kukamua kitenge chake.

Jumatano, 10 Machi

Mama wa ndagala walifika ofisini kabla yangu. Wameizunguka valve. Nikapita katikati yao kwa kujiamini, nikaonyesha kwa kidole mstari wa mwisho.

Hapakuwa na mstari. Palikuwa na mbao.

Nikafungua kufuli, nikaivuta karatasi juu. Saa ikatokea kutoka chini ya fremu, safi kabisa, na vidole vinne vyeupe chini yake. Nilipompa fundi vipimo nilisahau kuhesabu unene wa mbao. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja alisema tu, "Njo hii saa yenyewe." Kisha wakaondoka. Ningependa wangepiga kelele. Kalenga alitoka nje, akatazama, akasema nyekundu ingeonekana hata chini ya mbao. Haingeonekana! Nimelifikiria sana jambo hilo. Haingeonekana.

Nyumbani Thérèse alikuwa ameanika ndagala upya juu ya mikeka, anatenga zilizooza. Nikaanza kumweleza habari ya unene wa mbao. Akanikatiza, bila kuinua sauti:

"Isidore. Mbao haikunifanya kitu. Wewe ulijua saa. Ulilala pembeni yangu na ile saa mu kichwa."

Nimeandika mistari mingi katika daftari hili na sijui niandike nini baada ya huo. Niliona aibu. Si aibu ya ofisini, ile ya kuogopa nani ameona. Hii haikuhitaji shahidi. Nikakaa kwenye mkeka, nikaanza kutenga ndagala pamoja naye. Baada ya muda akasema Jumamosi kuna treni nyingine, ina behewa la abiria. Atakwenda mwenyewe kumwomba Mama Hortense asimwache. Na anataka niende naye, nimevaa abakosi yangu, lile koti rasmi la watu wa serikali, niseme mbele ya yule mama kwamba kosa ni letu sisi wa ofisi, si lake. Akiyasema yeye peke yake, atahesabiwa mwongo.

Nikasema nitaandika barua rasmi yenye kichwa cha chui.

"Sitaki karatasi," akasema. "Nataka kinywa yako tu."

Nimeapa kwenda. Naapa tena hapa.

Ijumaa, 12 Machi

Mimi ni mtu mpya. Nimeibadilisha kanuni. Saa sasa iko juu kabisa, juu hata ya chui, kwa herufi kubwa kama kiganja. Kifungu cha saba nimekifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipotoka nimewaambia watu saba njiani, bila hata kuulizwa, kwamba treni ya kesho inaondoka saa tatu asubuhi. Wawili walikuwa hawasafiri.

Mkaguzi alifika. Alitazama valve, akauliza vanishi ilinunuliwa wapi, akala samaki kwa Directeur, akaondoka. Mkuu wa Machapisho atatumwa kutoka Lubumbashi. Mtu wao. Kalenga na mimi tulikaa tukitazamana, kila mmoja kwenye dawati lake, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Directeur amempa Kalenga kazi ya kubandika tangazo la kesho pale stesheni. Sijali! Cheo ni nini? Usiku huu nimemwambia Thérèse mambo hayo yote hayana maana kuliko yeye. Akacheka kidogo. Amenipigia pasi abakosi.

Jumamosi, 13 Machi

Tulifika stesheni mapema. Magunia yakapakiwa. Tukapata nafasi nzuri, yeye dirishani, mimi kando yake. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, anarudiarudia yale nitakayomwambia Mama Hortense. Alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo halifanyi. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Nikatupa macho nje. Tangazo langu lilikuwa ukutani, mahali Kalenga alipolibandika.

Limepinda.

Si kidogo. Upande mmoja umeshuka kabisa. Na alikuwa amelikata pembeni ili litoshe ukutani: vidole vitatu! Nikageuza uso. Nikamsikiliza Thérèse. Nikatazama tena. Watu wa Kabalo, wa Nyunzu, wa Niemba wote wangepita hapo na kusema ofisi ya Kalemie ndivyo ilivyo. Nikamwambia dakika moja tu. Akasema, "Isidore, acha." Nikamwambia muda upo. Nilikuwa na uhakika, saa nimeiandika mimi.

Gundi ya Kalenga ni ya muhogo, inashika vibaya. Ukibandua pembe ya juu inafuata ya chini. Nikalibandua lote, nikalipima upya kwa vidole, nikalishikilia lisiteleze. Filimbi niliisikia. Niliisikia pia sauti ya Thérèse ikiniita, mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili taratibu. Lakini ningeondoa mkono wakati huo lingeshuka tena. Ilibaki pembe moja tu!

Nilipogeuka, behewa la mwisho lilikuwa linapita. Thérèse alikuwa dirishani. Nikampungia mkono wenye gundi. Hakunipungia.

Lakini limenyooka. Nilirudi nyuma hatua kadhaa kulitazama: limenyooka kabisa. Akirudi kutoka Kabalo nitamweleza, ataelewa. Tayari nina wazo la kifungu kipya, kwamba hakuna tangazo litakalobandikwa stesheni bila mimi kuwepo.

Nilipokuwa naondoka, mzee mmoja aliyechelewa treni alisimama mbele ya ukuta, kofia mkononi. Akasoma. Akanigeukia, akasema saa inaonekana vizuri sana. Nilifurahia maneno yale njia nzima hadi nyumbani, na nilipofungua mlango sikuwa na mtu wa kumwambia.