Wadudu wa Tangi la Hewa

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa zamu anastaafu. Nafasi yangu hiyo! Mpinzani ni mmoja tu: mwenzangu wa mitambo, tunamwita Pampu kwa anavyohema. Alhamisi wanakuja wageni kuona tunavyosafisha majitaka hadi yafae kumwagilia bustani. Mkuu amesema atakayewapendeza ndiye atakayepewa cheo. Mke wangu amenisihi nisibuni kitu. Nimemsamehe.

Jumanne, 5 Machi
Nimekagua kituo. Chujio la takataka, safi. Bwawa la kutuliza mchanga, safi. Tangi la hewa, aibu tupu! Maji rangi ya tope, yanatoa povu. Pampu anadai ndivyo yanavyotakiwa: mna vijidudu visivyoonekana, vinakula uchafu, sisi tunavipulizia hewa tu. Wadudu! Kwenye kituo cha usafi! Nikamuuliza kama na kwake anafuga kunguni. Akasema kaka, tangi hilo usiliguse, chondechonde. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Nimewahi kazini kabla ya wote. Klorini tunaitia mwisho kabisa, maji yakishakuwa safi. Sasa ina faida gani? Dawa hupewa mgonjwa, hapewi aliyepona! Nimemimina pipa zima kwenye tangi la hewa. Povu likanywea. Kimya. Nikajipigia makofi.

Alhamisi, 7 Machi
Harufu! Wadudu wamekufa wote, na uchafu uliokosa wa kuula umepita hadi bwawa la mwisho. Wageni waliondoka wameshika pua, chai hawakuigusa. Mtunza bustani wa shule jirani, anayetegemea maji yetu, aliuliza kwa adabu nani amefiwa. Pampu akamjibu kwamba tumefiwa kituo kizima, na muuaji ndiye yule pale aliyevaa tai. Cheo amepewa yeye. Mkuu hakufoka. Ameniita mwanangu, jambo lililonitisha zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Kuteleza si kuanguka. Leo lori limeleta tope lenye wadudu wazima kutoka kituo kingine, ili wazaliane upya. Mkuu amesema wakifa na hawa, nami sina kazi. Nimekabidhiwa kuwatazama. Kwa macho tu, mikono mfukoni, Pampu akakazia.
Nimewatazama. Maskini, wamefika wachafu mno! Safari si mchezo. Hawa wakipendeza, hata Pampu atanyamaza. Kesho, kabla hajafika, nitawaogesha. Sabuni nimeshanunua: ya watoto, isiyowasha macho.