Nilimtuma Mke Wangu Mlimani

Jumanne, 14 Oktoba
Mteja mpya! Bi. Maeng Yeon-ju, mwenye duka la nguo za harusi hapa Daegu. Anamshuku mumewe Tak, daktari wa meno, ambaye kila Jumamosi hupanda mlima na kikundi chake. Nani asiyejua vikundi hivyo? Watu wanapanda na viatu vizito, wanashuka na wake za wenzao. Alilia ofisini kwa adabu, amefunika mdomo. Nikampa karatasi ya kujifutia, vidole vikagusana. Mimi Pyo Gil-su, mpelelezi, mwenye mke na binti wa chuo kikuu, nimekwisha! Tak lazima awe na hatia.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mlima Palgong. Nimemfuata Tak mpaka magoti yakaomba talaka. Hana kitu! Amekula wali wake peke yake juu ya jiwe, akashuka. Mwanamume gani huyu? Ametuaibisha. Bi. Yeon-ju alipopiga simu nikamwambia dalili ni nyingi.

Jumatatu, 20 Oktoba
Kama hakosei, atasaidiwa kukosea. Nahitaji chambo. Mama Se-rin, mke wangu, yuko nyumbani tu. Nikamweleza: ajiunge na kikundi, wakati wa kula akae karibu na Tak, achukue jani moja la kkaennip, yale majani ya kutiwa chumvi tunayolia wali, lililonatana na mengine. Tak akiyabana ya chini kwa vijiti vyake vya kulia ili la mke wangu litoke, napiga picha. Kwa mume kumshikia mwanamke mwingine jani hilo, watu mji huu wamenuniana miezi, wengine wameachana. Hakuna mke atakayeuliza maelezo.
Mama Se-rin akauliza ni lini mimi mara ya mwisho nilimshikia jani. Maswali gani hayo! Nikamwambia aazime koti la dada yake.

Jumamosi, 25 Oktoba
Ushindi! Tak ameshika jani. Picha safi kabisa. Kisha akamshikia la pili, ambalo sikuliagiza. Mama Se-rin akacheka. Nilikuwa nyuma ya msonobari, nikajiuliza nani huyo anayecheka hivyo. Sikuitambua sauti.
Nyumbani nikamuuliza walikuwa wakicheka nini. Akanijibu kwamba hilo halimo katika kazi niliyomtuma.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nimempelekea Bi. Yeon-ju picha. Nilivaa tai. Aliitazama muda mrefu, mke wangu kaonekana kisogo tu. Akasema miaka yote ya ndoa Tak hajamshikia hata kijiko. Akalia, safari hii bila kufunika mdomo. Nikasogeza kiti changu. Naye akasogeza chake, upande wa dirishani.
Kurudi nyumbani, namkuta mama Se-rin anajaribu viatu vipya vya mlima. Nikamwambia kazi imekwisha. Akasema, “Yako ndiyo imekwisha, baba Se-rin. Mimi Jumamosi napanda.” Jeuri!

Jumapili, 9 Novemba
Kabati lake tupu. Supu ya mwani imo kwenye jokofu, ya siku mbili. Se-rin kapiga simu: mama yuko salama, nisimtafute. Nikamwambia mama yake kaibiwa na daktari wa meno. Akasema, “Baba, si wewe uliyemfungia mkoba ukampeleka mwenyewe?” Mtoto gani anasema hivi?
Nimeila supu baridi, nimesimama. Nimelia pia. Naandika kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nyumba imekuwa kubwa na inaniuma.

Jumanne, 11 Novemba
Bi. Yeon-ju kaja mwenyewe. Tak kahama. Anataka nimtafutie yule mwanamke ni nani, na kama ana mume. Akasema angependa kumwona huyo mume, amuulize alikuwa wapi wakati mkewe anachekeshwa mlimani. Macho yamemvimba, na bado mazuri.
Hapo ndipo ningesema. 
Nikamwambia nimekwisha kuchunguza. Yule mwanamke hana mume.
Akashukuru sana, akanishika mkono! Mkono mzima! Mama Se-rin atarudi tu, hasira zake nazijua. Kwa sasa nimeivua pete. Iligoma kwenye kifundo cha kidole, nikatumia sabuni. Bi. Yeon-ju anakuja tena Ijumaa.