Nusu ya Ndevu za Mume Wangu

Dodoma, mwezi wa Rajabu, mwaka wa Kizungu 1913

Kwa Bwana Mganga Mheshimiwa, nyumba ya wagonjwa ya Serikali,

Nakutakia afya njema, maana ya mume wangu umeishika wewe. Mimi ni Stara binti Mbaruku, mke wa Mrisho muuza kaniki, yule mwenye saratani ya shavu unayemtibu kwa mashine ya mwanga. Nina malalamiko, nayaleta kwa adabu zote.

Kwanza, mwanga wenyewe hauonekani. Taa yangu ikiwaka naiona. Yako mgonjwa haoni kitu, hasikii moto, kisha siku zikipita shavu linababuka. Unasema inaua uvimbe kwa ndani. Haya, tumeamini, tufanyeje?

Pili, unamfunika uso kwa bamba la madini ya risasi, unaacha tundu penye uvimbe tu, halafu wewe mbio nyuma ya ukuta! Mganga wetu, Mzee Matonya wa Mlali, akimfukiza mtu dawa, huketi naye wakakohoa pamoja. Dawa gani hii nzuri, hata mwenyewe anaikimbia?

Tatu, unampa leo kidogo, juma lijalo kidogo, eti nyama njema ipate kupumzika ipone, mbovu isiwahi kupona. Alhamdulillahi! Kumbe Serikali inajua kumpumzisha mtu. Pale bomani viboko hamsa ishirini, ishirini na vitano kamili, hutolewa vyote kwa mkupuo, na hakuna anayeuliza nyama njema inaonaje.

Nne, na hapa ndipo roho inaponiuma: ndevu. Mrisho alikuja kwako nazo kamili, amerudi nazo upande mmoja. Msikitini wanamtazama kwa pembe ya jicho, sokoni watoto wanamfuata. Mtu mzima mwenye wajukuu!

Kwa hiyo nimemfungia kanzu sandukuni, haji tena. Kama ni kufa, afe na uso wake niliouzoea. Nimechoka kukaa barazani kwako, nisijue nitarudi nyumbani mke au mjane. Naogopa, Bwana, nasema kweli.

Nisalimie Bibi mkeo, mpishi wako, na yule askari wa mlangoni asiyejibu salamu.

Ni mimi mwenye uchungu,
Stara binti Mbaruku

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha, nikasikia karanga zinatafunwa. Mrisho, aliyekuwa akinywa uji tu tangu masika, anatafuna, tena kwa shavu lilelile! Nimempapasa: uvimbe umenywea. Nimelia mpaka amenikemea. Kanzu nimeitoa. Kesho tutakuwa mlangoni kwako kabla hujanywa kahawa. Ndevu zilizobaki zichukue zote, Bwana. Mume niachie.