Sampuli za Mpira

Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake ulipiga wimbo wowote ambao msikilizaji aliutaka, alikuwa akinywa chai aliposikia wakulima wawili wa miti ya mpira wakilalamika. Kiwanda cha mpira kiliwaahidi bwana shamba, na mpaka leo hata kivuli chake hawajakiona. Akatabasamu. Mtu anayesubiriwa na asiyejulikana sura, hiyo ni ajira!

Kesho yake akatua kwenye ghala la chama chao, buti zinang'aa, nyuma yake pikapu ya kukodi.

"Mimi ndiye bwana shamba wenu! Mradi wa kuwainua wakulima wadogo umefika! Mtafundishwa kugema utomvu kitaalamu, na kiwanda kitanunua kwenu bila dalali. Ila kwanza, sampuli."

"Kiasi gani, mwanangu?" akauliza Mama Mwenyekiti, mjane asiyepepesa macho.

"Bonge moja la mpira kwa kila mkulima, mama. Mwenye bonge zito kuliko wote atapewa miche ya shamba zima, bure."

Wee! Ghala likabaki tupu. Mpaka alasiri watu walikuwa wakirudi na mabonge ya mpira mkavu, meusi, yananuka kama soksi za shetani, kila mmoja akilificha lake jirani asilione. Pikapu ikachuchumaa kwa uzito. Mama Mwenyekiti akamwombea bwana shamba safari njema, naye Kinanda akamwonea huruma ya dhati, iliyodumu hadi kona ya kwanza.

Akaenda moja kwa moja kiwandani kuuza. Mpimaji akalipasua bonge la kwanza kwa panga. Kling! Tofali. La pili, jiwe. La tatu, kiatu kilichoshindiliwa udongo.

"Watu hawana uaminifu siku hizi!" Kinanda akafoka, kwa uchungu wa kweli.

Mlinzi akafunga geti. Mpimaji akafuta panga taratibu. "Sasa ndugu yangu, wewe ni mkulima unayetuuzia mawe, au mwizi uliyeiba mpira wa watu? Mkulima tunampeleka darasani. Mwizi anakwenda polisi."

"Mkulima," Kinanda akajibu upesi. "Tena mdogo kabisa."

Jumatatu akapelekwa kwenye miti ya mafunzo, kwa bwana shamba wa kweli, ambaye alikuwa mwanamke mkali mwenye filimbi shingoni. Na pale kwenye mabenchi, chama kizima! Kwa sababu ya mawe yale, kiwanda kilikuwa kimewaita wakulima wote wa eneo lile. Wao wangemshtaki kwa wizi, wangeulizwa habari za matofali. Yeye angewasema, angeulizwa aliyapataje.

Mama Mwenyekiti akasogea kidogo. "Keti, mwanangu."

Mkufunzi akamkabidhi Kinanda kisu cha kugemea. Akakata. Kisu kikazama mpaka kwenye mti wenyewe, na gome likaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Filimbi ikalia. "Mungu wangu! Wewe nani alikufundisha kugema?"

"Usimgombeze, mama," Mama Mwenyekiti akadakia, uso mkavu kabisa. "Huyo ndiye mwalimu wetu."